Mafundi wa stima wastahili maelezo kwa Kiswahili

Kwa muda wa majuma matatu hivi balbu ya sebuleni kwangu, karibu na barabara ya Gitanga, ilikuwa imekataa kuzimika. Ukibonyeza swichi mwanga ulitoweka, lakini macho yakishazoea giza ungeiona bado inawaka kiduchu, mfano wa kaa la moto lililofukiwa jivuni. Watoto walilifanyia jambo hilo mzaha, wakasema nyumba imeingiwa na jini mpole. Mimi nililaumu balbu. Nikanunua nyingine mjini, katika mtaa wa Luthuli, nayo ikafanya vivyo hivyo. Nikailaumu na hiyo pia. Hatimaye nilimwita fundi wa stima kutoka Kawangware, mtu wa makamo ambaye amenihudumia miaka mingi, nikamwagiza aje na balbu isiyo bandia.

Hakuja na balbu. Alifungua swichi ya ukutani, akaigusa kwa testa yake, akatikisa kichwa.

"Daktari, balbu yako haina kosa," alisema. "Aliyetandaza nyaya humu ndani aliifanya swichi ikate nyutro badala ya laivu. Ukizima, moto bado umesimama pale juu kwenye holda, unamngoja mtu."

Alinieleza mambo ambayo, nakiri, sikuwahi kuyafikiria. Balbu ya zamani ilitoa mwanga kwa kuuchoma uzi mwembamba wa chuma hadi ukawa mweupe kwa joto. Chembe ndogo ya umeme iliyovuja haikutosha kuupasha uzi huo, kwa hiyo kosa la yule aliyetandaza nyaya lilikaa kimya miaka na mikaka. Taa hizi mpya za LED huhitaji umeme mdogo mno, na chembe ile ile iliyovuja yatosha kuziamsha. Aliniasa kwamba si kila mwanga wa kiduchu unatokana na kosa hilo, kwani swichi zenye kitaa kidogo cha kuonyeshea gizani huweza kuleta hali kama hiyo. Kwangu, hata hivyo, kosa lilikuwa dhahiri, na kila aliyepata kubadilisha balbu pale akidhani amezima stima alikuwa akichezea roho yake.

Alirekebisha nyaya kwa dakika ishirini. Jini likatoweka. Tulipokuwa tukinywa chai nilimuuliza swali ambalo bila shaka wengi wanaomhurumia fundi wa stima siku hizi wanalo akilini: Je, taa hizi hazitamnyima riziki?

Hesabu yenyewe ni nyepesi, na walimu wa hisabati wanaweza kuifanya darasani. Balbu ya uzi ilitengenezwa idumu kama saa 1,000. Kwa anayewasha taa saa tano kila usiku, hizo ni siku 200, hata miezi saba haitimii. Taa ya LED iliyotengenezwa vyema huandikwa saa 15,000 au zaidi, yaani siku 3,000, miaka minane na ushei. Jengo la ghorofa kule Kileleshwa lililokuwa likimwita fundi kila juma kuja kubadilisha balbu ngazini na uani sasa laweza kupitisha miezi mingi bila kumkumbuka. Vipeni vile vidogo vya kila mara, ambavyo ndivyo vilivyolipa nauli na chakula cha mchana, vimekauka.

Fundi hakunung'unika nilivyotarajia. Alisema kubadilisha balbu hakukuwa ufundi hata siku moja, ila ilikuwa kazi ya ngazi. Alichonung'unikia kilikuwa kitu kingine kabisa, na hicho ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Lakini kabla sijakifikia, naomba msomaji anivumilie kidogo nigusie suala la majina, kwa kuwa majina ndiyo kazi yangu.

Mnamo 2010 kampuni ya Kenya Power iligawa bila malipo zaidi ya balbu milioni moja za aina iliyojikunjakunja kama utumbo, ili wateja waachane na zile za uzi na mzigo wa saa za jioni upungue. Wananchi wakaziita "enaji-seva", na jina likashika. Miaka ilipita, zikaja LED, na jina likahamia kwazo. Leo ukienda dukani ukaomba enaji-seva utapewa LED, na hakuna atakayeona ajabu. Lugha zote hufanya hivyo. Hata neno "stima" lenyewe, ambalo huku Kenya ndilo umeme, kwa wazee wa pwani lilikuwa meli iendayo kwa mvuke. Tatizo ni kwamba vitu hivi viwili vinavyoshiriki jina moja havifanani. Ile balbu iliyojikunja ina zebaki ndani yake, ndiyo maana ikivunjika chumbani yafaa kufungua madirisha na kutoyafagia mavumbi yake ovyo. LED haina zebaki. Jina moja limefunika tofauti ambayo mama mwenye mtoto anayetambaa sakafuni anapaswa kuijua.

Kuna na neno "wati". Simama nusu saa katika duka lolote la vifaa vya umeme kati ya Luthuli na River Road uwasikilize wanunuzi. "Nipe ya wati tisa." "Hiyo ni hafifu, nipe ya kumi na mbili." Wati hupima umeme unaoliwa, haipimi mwanga unaotolewa. Zamani hilo halikuwa na madhara, maana balbu zote za uzi zilikula na kutoa kwa uwiano unaokaribiana, na kila mtu alijua mwanga wa wati 60 ulivyo. Siku hizi LED ya wati 9 hivi inaweza kutoa mwanga ule ule, na nyingine ya wati hizo hizo, iliyotengenezwa kwa ubahili, ikatoa nusu yake. Kipimo cha mwanga ni lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 700 hadi 800. Tarakimu hiyo imeandikwa kwenye vikasha vingi, kwa herufi ndogo, na sijapata kumsikia mnunuzi hata mmoja akiitaja. Tunanunua mwanga kwa kipimo cha ulaji, kisha tunamlaumu fundi kwamba ametuwekea taa hafifu.

Basi turejee kwa fundi na manung'uniko yake.

Mwaka uliopita aliajiriwa, pamoja na kijana anayejifunza kazi chini yake, kubadilisha taa za madarasa katika shule moja ya kibinafsi upande wa magharibi wa jiji. Madarasa hayo yalikuwa na zile tyubu ndefu za futi nne ambazo walimu wote wanazijua, zile zinazopepesa macho kabla ya kuwaka na kuvuma kama nyuki. Mwenye shule alinunua tyubu za LED. Kwa macho ya kawaida tyubu hizi mbili ni pacha: urefu mmoja, pini zile zile, kasha lile lile. Ndani hazina undugu. Tyubu ya zamani huhitaji choki, lile pande la chuma zito lililofichwa ndani ya kasha, pamoja na stata, kijikopo kile kidogo kinachozungushwa kwa vidole. Miongoni mwa tyubu za LED, zipo zinazokubali choki ibaki na zipo zinazotaka iondolewe na nyaya ziungwe upya. Tena, katika hizo za kuungwa upya, zipo zinazopokea laivu na nyutro katika ncha moja, na zipo zinazopokea laivu ncha hii na nyutro ncha ile.

Hizi za mwisho ndizo zenye hila. Ukiingiza ncha ya laivu kwanza ilhali umeme haujakatwa, pini za ncha ya pili, ambazo bado umezishika mkononi, zaweza kupata moto.

Kijana alipanda ngazi. Alikuwa amezima swichi ya ukutani, tena mbele ya mwalimu wa zamu. Aliingiza ncha moja. Alirushwa. Mkono ulivunjika karibu na kifundo, na kwa miezi miwili na nusu hakushika bisibisi. Walipokuja kuchunguza walikuta swichi ya darasa lile ina kosa lile lile la nyumbani kwangu: ilikata nyutro, ikaiacha laivu imesimama.

Fundi alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya maelezo iliyotoka katika kasha la zile tyubu, ameihifadhi tangu siku hiyo. Upande mmoja Kichina, upande wa pili Kiingereza, na mchoro mdogo usiozidi kidole gumba. "Daktari," alisema, "wewe umesomea lugha. Nisomee hapa kuna nini, nijue kama kosa lilikuwa letu."

Nilisoma. Ninajivunia Kiingereza changu, nimekisoma hadi shahada ya tatu, na kila neno katika karatasi ile nililijua. Lakini niliposhusha karatasi niligundua kwamba sikuwa nimeelewa chochote. Sikujua ni kipi kinachounganishwa na kipi, wala kwa nini. Yeye aliyeketi mbele yangu alielewa yote yaliyochorwa, na maneno yaliyouzunguka mchoro yalikuwa ukuta kwake. Kiswahili anakisoma vizuri, gazeti hili halimpiti. Kiingereza alikiacha darasa la nane. Tulikuwa nusu mbili za msomaji mmoja.

Sentensi ya kwanza ya onyo, kwa tafsiri yangu ya haraka, ilisema umeme ukatwe kabla ya kazi. Neno lililotumiwa lilikuwa na maana ya njia kuu ya umeme inayoingia nyumbani. Kijana, ambaye alifika kidato cha pili, aliipitia sentensi ile kabla ya kupanda ngazi. Fundi alikumbuka hivyo. Aliona neno la kuzima, akazima. Alizima swichi aliyoijua. Hakuna aliyemwambia, kwa lugha anayoota nayo, kwamba swichi ya ukutani siyo iliyokusudiwa.

Sidai kwamba karatasi ya Kiswahili ingeuokoa mkono ule kwa hakika. Mafundi huharakishwa, na wenye kazi hawapendi kukatiwa stima jengo zima. Ninachodai ni kwamba tumeruhusu kazi ya fundi igeuke kutoka kazi ya mikono kuwa kazi ya kusoma, kisha tukamwandikia kwa lugha ambayo hakuishi nayo.

Na mageuzi hayo hayajaisha. Mwaka 2023 huko Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zilikubaliana kukomesha utengenezaji na uuzaji wa taa hizo za zebaki baina ya mataifa, na kikomo cha mwisho kwa zile tyubu ndefu kikawekwa mwaka 2027. Mataifa ya Afrika yalikuwa mstari wa mbele kulisukuma jambo hilo, na yastahili sifa. Maana yake ni kwamba madarasa, kumbi za mihadhara na wodi nyingi ambazo bado zina choki na stata zitafunguliwa dari zake moja baada ya nyingine. Watakaopanda ngazi hizo ni vijana kama yule.

Isitoshe, kazi mpya zenye faida zimejaa maandishi. Katika majumba mapya ya Kilimani na Lavington siku hizi hakuna balbu inayoning'inia katikati ya chumba. Kuna dari za jipsamu zenye taa ndogo ndogo zilizochomekwa, kuna taa za utepe zilizofichwa pembeni, kila utepe na kifaa chake cha kubadilisha umeme wa volti 240 kuwa volti 12 au 24. Kuna swichi za kupunguza mwanga ambazo hukubaliana na taa hizi na kukataana na zile. Anayeweza kusoma maelezo hupata kazi hizo. Asiyeweza hubaki Kawangware na Kangemi akirekebisha balbu zilizoungua kwa kutafuta kichembe kimoja kilichokufa na kukiruka kwa risasi ya kulehemu, akijua fika kwamba vilivyobaki sasa vinabeba mzigo zaidi na havitadumu. Ni ubunifu wa kupendeza, lakini si riziki ya mtu mwenye watoto wanne.

Najua nitakayojibiwa, maana nimeyasikia katika vikao vya wasomi wenzangu. Kwanza, kwamba lugha ya ufundi ni Kiingereza, na mwenye bidii atakisoma. Vyuo vyetu vya kiufundi hufunza kwa Kiingereza kweli, na wanaohitimu huko wanaheshimika. Lakini fundi wangu hakupitia huko, na wala hafanyi kazi kinyume cha sheria: anafanya chini ya mwanakandarasi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Mwanakandarasi hupitia kwa pikipiki asubuhi na jioni. Kati ya asubuhi na jioni, anayesoma karatasi ni yeye na kijana wake.

Pili, kwamba Kiswahili hakina istilahi. Hili hunichoma zaidi, kwa sababu lawama inanirudia mimi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tangu hapo tumeunda istilahi kwa magunia, aghalabu tukiwa tumeketi, na tumezisambaza sisi kwa sisi katika makongamano. Ni wangapi kati yetu waliowahi kusimama kwenye barabara ya Kirinyaga na daftari? Istilahi ziko huko tayari: choki, stata, holda, testa, laivu, nyutro, waya wa moto, kuruka, kupiga shoti. Baadhi zitamkera msanifishaji. Zinaeleweka, na mkono haukatiki kwa sababu ya neno lisilo na ngeli nzuri. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunavaa fulana, tunakariri na kupigiana makofi, kisha tunarudi nyumbani kuwasha taa ambazo maelezo yake hayakuandikwa kwa lugha tuliyoishangilia.

Sheria haiko upande wa uzembe huu. Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi bidhaa hiyo kikamilifu. Bidhaa hizi haziingii sokoni kihalali bila kukaguliwa na Shirika la Viwango. Kudai kwamba kila tyubu na kila kifaa cha kuungwa kwenye umeme wa nyumbani kiwe na onyo na mchoro uliofafanuliwa kwa Kiswahili si kumtwika mwagizaji mzigo mzito. Ni ukurasa mmoja. Yapo pia yale maandishi ya kubandika kwenye kasha la taa baada ya nyaya kubadilishwa, yanayomwonya atakayekuja baadaye asirudishe tyubu ya zamani. Nayo huja kwa Kiingereza, na nimeambiwa hutupwa pamoja na kasha.

Kwa walimu wenzangu wa sekondari na vyuo, nina ombi dogo. Mnawapa wanafunzi insha za "Umuhimu wa Umeme" mwaka baada ya mwaka. Safari moja wapeni karatasi ya maelezo ya taa, waitafsiri, kisha waipeleke kwa fundi wa mtaani kwao aisahihishe. Alama zitolewe na fundi. Wanafunzi wangu wa mwaka wa tatu wamekwisha kuanza, na wa kwanza kurejea kutoka Kirinyaga aliniletea orodha ya maneno 64, kati yake 11 tu nikiwa ninayajua.

Karatasi ya fundi tuliitafsiri jioni ile ile mezani kwangu. Ilituchukua saa mbili na birika la pili la chai, naye alinikatalia maneno mengi. Niliandika "chanzo kikuu cha nishati", akacheka. Tukaandika: "Zima meni swichi iliyo karibu na mita. Swichi ya ukutani haitoshi." Zilitoka sentensi kumi na mbili. Alizipiga picha kwa simu na kuwatumia wenzake.

Siku ya tatu fundi mmoja wa Kangemi, ambaye sijawahi kumwona, alinitumia swali kupitia kwake. Katika ploti anazofanyia kazi, alisema, mita na meni swichi zote zimefungiwa ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo anao mwenye nyumba, ambaye haishi hapo. Mpangaji anataka taa leo. Afanye nini? Sikuwa na jibu la kiisimu. Tulishauriana kwa simu, kisha tukaongeza sentensi ya kumi na tatu: "Ikiwa meni swichi imefungiwa, usipande ngazi mpaka mwenye nyumba aje afungue." Alijibu kwamba ameisoma, na kwamba angependa mwenye nyumba naye atumiwe.